Mlango wa Pili wa Kontena

Mama Benedikta, jirani yetu, anasema walikuwa wezi wa dhahabu. Anamwambia kila anayesimama kibarazani kwake, na wanaosimama siku hizi ni wengi. Eti walikuja wanne, walisikia Sheima ameolewa na kuvishwa bangili za Muscat, wakadhani dhahabu bado iko ndani. Eti aliwaona kwa macho yake wakiruka ukuta wa uani. Na eti wangemaliza nyumba nzima kama si mgeni mmoja wa harusi, mzee wa koti la kijivu aliyekuja na kuku, maana ndiye aliyetoka nje akiita mwizi, na ndiye aliyerusha jiwe la kwanza.

"Watu wa namna ile wamebaki wachache," anasema. "Hata jina hakuacha."

Jina lake ni Luhende. Ni baba yangu mdogo. Ukuta wa uani haukurukwa na mtu. Walipita mlango wa mbele, wakakaribishwa, na kahawa wakamiminiwa.

Mimi nilikuwa ndani.

Nimefanya kazi kwa Bi Fakhria tangu nimalize darasa la saba. Nyumba yake iko hapa Tabora mjini, babu wa marehemu mumewe ndiye aliyeijenga wakati wa misafara, na kuta zake ni nene hata mvua ikipiga bati husikii. Nyuma ya chumba cha kulala cha Bi Fakhria kuna stoo isiyo na dirisha wala mlango wa nje. Kuingia ni lazima upite chumbani kwa mwenye nyumba, na kutoka vilevile. Wanasema ilikuwa ya pembe za ndovu. Ukutani kuna pete ya chuma, na hakuna anayesema ilifungwa nini.

Humo ndimo tulimweka bibi yangu, Tekla.

Bibi ana macho mekundu. Maisha yake yote amekausha tumbaku huko Sikonge, akichochea kuni kwenye bani, banda la kukaushia majani, na ule moshi haukutoka tena machoni. Luhende ni mtoto wa shemeji yake. Mtoto wa Luhende alipokufa kwa homa, mganga alimwambia atafute katika ukoo mwanamke mwenye macho mekundu. Hakuhangaika kutafuta. Walimjia bibi asubuhi anatundika majani. Panga la kwanza lilichukua sikio na kipande cha bega, la pili likakwama kwenye nguzo ya bani, na walipokuwa wanalivuta yeye akaingia porini. Mtu wa baiskeli aliyekuwa analeta asali mjini alimkuta kando ya njia, akashusha ndoo zake, akampakia yeye.

Kijijini wanajua alikufa huko porini. Na mimi wanajua niko Dar. Mama yangu ndiye anayewaambia hivyo, na hulia vizuri anapowaambia.

Murtadha ni mtoto wa Bi Fakhria, fundi wa kompyuta. Alikaa na bibi akamsikiliza, kisha akatengeneza programu. Mwanamke mzee yeyote wa Sikonge, wa Ulyankulu, wa wapi, akiwa na simu hata ya mjukuu, anatuma sauti. Anasema, nimetupiwa kuku asiye na kichwa mlangoni. Vijana wamepita mara mbili wakiuliza nalala chumba gani. Bibi anasikiliza, halafu anajibu kwa sauti yake. Toka mchana, usingoje giza. Usipite njia ya kisimani. Nenda kwa fulani, ukakae mahali penye watu. Jina lake hakuwahi kulitaja, lakini sauti ya bibi ina mkwaruzo, na aliyewahi kuisikia haisahau. Murtadha alilijua hilo. Alijua hata Luhende atasikia siku moja na kujua bibi yuko hai. Kilichobaki ni asijue yuko wapi.

Kwa hiyo programu hakuiacha ovyo ndani ya kompyuta. Aliifungia kwenye kitu anachokiita kontena. Nilimwambia kontena ninalolijua mimi ni la kwenye gari la mizigo. Akacheka, akanivuta hadi mlangoni mwa stoo ya bibi.

"Kontena ni hii stoo, Reche. Haina mlango wa nje. Kila kinachotoka humu kinapita chumbani kwa mama. Sasa chumba cha mama ndiyo VPN. Humo kinavalishwa baibui, kinakwenda kutokea Uholanzi, na aliyeko nje hajui kimetoka nyumba gani."

"Na mama akiwa amelala?"

"Stoo inakaa kimya mpaka aamke. Hakuna njia nyingine, na isiwepo." Akapiga ukuta kwa kiganja. "Babu aliyajua haya kabla yangu."

Bibi akamjibu kutoka ndani, "Babu yako angeweka na dirisha nisingekuwa natoka jasho hivi."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na dirisha dogo linaloonyesha sauti inatokea nchi gani. Siku zote liliandika Uholanzi. Murtadha aliniambia, siku ukiona limeandika Tanzania usiniite, usiniulize, chomoa waya. Nilikuwa naliangalia kila ninapopita na ufagio.

Tuliyekuwa tunamwogopa ni Nassibu. Nassibu anauza intaneti mtaa wetu wote, ana mnara juu ya duka lake, na akikaa pale anaona kila nyumba inakwenda wapi. Dada yake ameolewa na Luhende. Tungemhama, angejiuliza kwa nini. Tukabaki kwake, tukimwonyesha Uholanzi.

Ndipo ikaja harusi ya Sheima, binti wa Bi Fakhria.

Wageni walijaa. Shangazi wa Muscat, watoto wake, jamaa wa Nzega na Shinyanga, watu wanalala hadi ukumbini. Picha zilikuwa nyingi, na kila mmoja alitaka kuziona kwenye simu yake pale pale, amekaa na sahani ya pilau mapajani. Kompyuta ya Murtadha ilikuwa moja. Alizitia picha kwenye kontena lile lile, lakini kontena linalotokea Uholanzi tu halionekani hata na aliyekaa chumba cha pili. Shangazi akalalamika kwamba amesafiri bahari nzima kuja kunyimwa picha. Murtadha akafungua mlango wa pili. Akalipatia kontena njia ya kuingilia ukumbini, kwenye intaneti ya nyumba, ili wageni wafaidi.

Niliuliza, "Na ukumbi si una mlango wa barabarani?"

"Halitapita huko. VPN ikiwa macho, linapita kwa mama kama kawaida. Ni harusi, Reche. Utamwambia mgeni nini?"

Bi Fakhria ana desturi yake. Ijumaa, adhana ikiadhiniwa, anazima swichi kuu ya umeme, nyumba inyamaze mpaka wanaume warudi msikitini. Amefanya hivyo tangu alipoolewa. Ijumaa ile ya harusi alizima, na waliporudi akawasha. Kompyuta ikaamka. Kontena likaamka mapema na sauti za bibi zilizokuwa zinangoja kutumwa. VPN ilichelewa. Zamani lingekaa kimya. Sasa lilikuwa na mlango wa pili.

Nilikuwa nabeba sinia la sambusa. Nikapita chumbani, nikatazama kama kawaida yangu. Tanzania.

Niliweka sinia chini, nikachomoa waya, nikaenda kumnong'oneza Murtadha katikati ya watu. Akasema ni dakika chache tu zile, na Nassibu mwenyewe alikuwa hajarudi dukani kutoka msikitini, nani ameona.

Jioni nikamwomba Bi Fakhria tumtoe bibi, tumpeleke shamba lao la Ntalikwa. Hakukataa. Alinitazama kama niliyemwambia amwage chakula cha watu.

"Nyumba imejaa wageni, nimtoe mgeni mmoja kwa mlango wa nyuma? Watasema Fakhria amemfukuza mzee wa watu kwa sababu ya harusi. Jumapili wakiondoka, mwanangu, tutampeleka kwa gari, na nguo mpya, na heshima yake."

Jumamosi Nassibu akaja mwenyewe kuangalia antena. Hakuna aliyemwita, ila mashine zake huandika kila kinachopita hata akiwa msikitini. Alipanda, akashuka, akaomba maji. Wakati anakunywa alitazama karo la uani. Bakuli la bibi lilikuwa limefunikwa pale, la uji, hali nyumba nzima inakula pilau.

"Mna mgonjwa?" akauliza.

"Tumbo langu," nikasema.

"Pole sana," akasema, akarudisha kikombe bila kukimaliza.

Nilimwambia Bi Fakhria na hilo. Akasema, kesho.

Jumapili wageni wakaondoka kumsindikiza Sheima kwa mumewe Nzega. Viti vya kukodi vilibaki ukumbini, na harufu ya udi. Murtadha alikuwa chumbani kwake anaufunga ule mlango wa pili. Mimi na bibi tulikuwa uani tunapeta mchele, mafurushi ya nguo zake yako tayari, tunangoja gari.

Nikasikia hodi mbele.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni ndani."

"Tumetoka mbali, harusi imetupita. Lakini tumesema mkono mtupu hapana. Kuku huyu, na kamchele kidogo."

Bi Fakhria akacheka. "Harusi ya kwangu haina kuchelewa. Kaeni. Kahawa ipo, halwa ipo."

Bibi alikuwa ameshika ungo. Akauweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Nilimshika mkono, tukapita kwa kuambaa ukuta mpaka chumbani kwa Bi Fakhria, nikamwingiza stoo. Alinishika kidevu, akaniambia kwa Kinyamwezi nikimbie mimi. Nikafunga. Nikachukua mchi wa kutwangia uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini.

Walikuwa watatu. Luhende na koti lake la kijivu, na vijana wawili ambao siwajui. Luhende alikula halwa akalamba kidole. Vijana hawakugusa kitu. Katikati ya miguu yao palikuwa na mfuko wa salfeti. Mchele ukiuweka chini unalala. Ule mfuko ulikuwa umesimama.

"Mama," Luhende akasema, "kuna mzee wetu yuko hapa. Tumekuja kumchukua."

"Mzee gani?"

"Tekla."

"Mzee wa nyumba hii ni mimi."

"Sauti yake ilitoka hapa Ijumaa. Aliyetuambia hakosei."

Bi Fakhria akachukua dele la kahawa, akammiminia kikombe cha pili. "Kunywa," akasema. "Kisha uende kwa salama uliyokuja nayo."

Luhende akakinywa. Akakiweka chini ya kiti ili kisipinduliwe. Kisha akamwangalia kijana mrefu, na kijana akafungua mfuko.

Murtadha alitoka aliposikia viti vikianguka. Kijana mrefu alimkata kabla hajauliza neno. Murtadha aliinua mkono wa kulia, panga likapita, na vidole viwili vikadondokea kwenye sinia la halwa. Alivitazama. Halafu akageuka akakimbilia chumbani kwake, nikasikia kufuli, na mara sauti ya bibi ikajaa nyumba nzima, ameifungulia mpaka mwisho.

"Dada yangu, usilale peke yako. Usingoje giza."

Vijana wote wawili wakaifuata. Mlango ulikwenda kwa mateke matatu. Nikasikia wanakata meza, wanakata kioo, wanakata chuma, na Murtadha analia kwa sauti ambayo sikujua mwanamume anayo. Kumbe spika iko juu ya kabati. Kompyuta ilikuwa vipande na betri ya spika bado ina nguvu, maneno yake yakiwa kwenye simu ya Murtadha iliyoanguka chini ya kitanda. "Ukiwasikia wanacheka nje," bibi anawaambia, "jua wanajipa moyo." Wakazidi kukata.

Luhende hakuifuata. Ile sauti ameisikia mara nyingi, maneno yale anayajua. Alitazama pazia langu.

Bi Fakhria alifika kabla yake. Akasimama katika mlango wa chumba chake, mikono ameikaza huku na huku kwenye miimo.

"Huku ni chumbani kwangu. Mwanamume asiye wangu haingii."

"Toka, mama."

"Umekula halwa yangu."

Alimkata shingoni, pale penye mkufu. Mkufu ulikatika, shanga za dhahabu zikatawanyika sakafuni, na zote tuliziokota baadaye, hakuna hata moja iliyopotea. Akamkata tena kifuani. Mikono ya Bi Fakhria haikuachia miimo mara moja. Mwili ulikuwa umekwisha kuondoka na mikono bado imeshika. Kisha akaanguka kuelekea ndani, kichwa kikapiga miguu yangu.

Damu yake ilikuwa usoni kwangu, ya moto. Nilipiga. Mchi ule ni wa mninga, mzito, na nimeutwangia kila siku. Ulimpata kwenye kiwiko, nikasikia mfupa. Panga likaanguka. Nikapiga tena nikitaka kichwa, nikapata bega. Pazia likaanguka juu yetu, na lilipotoka tulikuwa tunatazamana.

"Recheli," akasema, kama mtu aliyekutana na ndugu mnadani. "Kumbe hauko Dar."

Akainama kuokota panga kwa mkono wa kushoto. Nikaushusha mchi juu ya vidole vyake. Nikaushusha tena. Nilikuwa nasikia bibi yuko nyuma yangu anapiga mlango wa stoo afunguliwe, na bibi mwingine kule chumbani anasema toka mapema, toka mapema.

Ndipo Mama Benedikta akaanza kupiga kelele barabarani kwamba kuna wezi.

Luhende akasimama. Alivuta koti akaufunika mkono uliovunjika, akafunga vifungo viwili kwa ule wenye vidole vilivyopondeka, cha tatu kikamshinda. Akatoka. Hakukimbia. Nilimfuata hadi ukumbini na mchi wangu, nikamwona anasimama barazani kwenye jua na kusema kwa sauti kubwa, "Mwizi. Wako ndani. Wamemuua mama wa watu."

Mtaa wote ulikuja. Vijana wake walitoka na mapanga mikononi na damu hadi kifuani, nani angeuliza. Mmoja aliruka viti akapotea uchochoroni. Yule mrefu alishikwa langoni. Luhende aliinama, akaokota jiwe kwa mkono wake mbovu, akarusha. Lilimpata mdomoni. Baada ya hapo sikuhesabu. Matofali, minyororo ya pikipiki, nyundo ya fundi viatu. Kijana alipiga magoti akaita, "Baba Luhende, waambie. Waambie mimi ni nani." Luhende akarusha la pili. Mtu mmoja akaleta petroli ndani ya chupa ya maji, mwingine tairi. Kijana alichukua muda mrefu. Mama Benedikta alifunika macho ya mwanawe kwa kanga na yeye akaendelea kutazama.

Polisi walipofika tairi lilikuwa limebaki waya. Luhende alikuwa amekwisha kupanda bodaboda, amekumbatia mkono wake, watu wanampa pole.

Nilimtajia askari jina. Akaniuliza kama nilimwona akimkata Bi Fakhria. Nikasema nilikuwa nyuma ya pazia, damu ni hii. Akatazama watu waliojaa lango.

"Dada," akasema, "mtaa mzima umemwona akiwapiga hao wezi. Wewe umeshtuka. Kapumzike."

Tulimzika Bi Fakhria kesho yake. Murtadha hakumwaga udongo, mkono ulikuwa umefungwa hadi kiwiko. Shangazi wa Muscat alirudi kutoka Nzega akimlilia wifi yake, akasema jamani, na picha zake zote ziko wapi. Murtadha aliinuka akatoka.

Sasa tuko Ntalikwa, shambani. Chumba kimoja cha matofali, mahindi pande zote, mtandao unaokuja na kuondoka kama kuku asiye na banda. Murtadha alikaa siku nyingi ametazama ukuta, mpaka bibi alipomwambia wenzake wanatuma sauti na hakuna anayejibu. Akanunua kompyuta nyingine. Mkono wa kulia haufai, wa kushoto haujazoea, kwa hiyo yeye anasema na mimi nabonyeza. Kontena tumelijenga upya. Mlango mmoja. Alinifanya nihakiki, nikazima VPN kwa makusudi, na kontena likakaa kimya kama alivyotaka. Akasema, hivyo. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la kazi.

Leo mchana tuliwasha. Dirisha likaandika Uholanzi, sauti zikaingia nyingi, nikaifungua ya juu. Ilikuwa ya Bibi Lina wa Ulyankulu, amekua na bibi, walivuna tumbaku pamoja.

"Tekla, dada yangu. Watu wako kwenye mahindi yangu tangu asubuhi. Ng'ombe hawana, jembe hawana. Mjukuu kaniachia simu. Nipite mtoni au nipite shuleni? Uliniambia moja, nimesahau. Nijibu."

Bibi alisogea karibu ya kompyuta. "Shuleni," akasema. "Mtoni ndiko wanakongojea. Haya, Reche, tuma."

Nikabonyeza. Dirisha lilikuwa tupu. VPN imeanguka. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Murtadha akasema nizime niwashe, nikafanya. Akasema tena, nikafanya tena. Nikauliza namba ya simu ya Bibi Lina iko wapi tumpigie. Akasema programu haiweki namba za watu, ndivyo alivyoitengeneza, ili wasipatikane. Nikampigia mzee wa kanisa wa Ulyankulu ambaye bibi huwatuma kwake. Hapatikani.

Intaneti yenyewe ya kawaida ilikuwepo. Simu yangu ilikuwa inaingiza matangazo ya biashara.

Bibi aliona. Yeye pia anatazama, nimeyarithi kwake haya macho. Akamgeukia Murtadha.

"Baba," akasema, "ule mlango uliowafungulia wageni wa harusi. Nifungulie na mimi. Neno moja tu, kisha ufunge."

Murtadha alikuwa ameuweka mkono wake uliofungwa juu ya goti, anautazama.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe. Najua pa kubonyeza, nilimwona akifanya. Nilingoja aseme. Nje upepo ulipita kwenye mahindi, sote watatu tukageuza vichwa, halafu tukavirudisha.

"Murtadha," bibi akasema tena, taratibu. "Nifungulie, mwanangu."